Harufu ya Pweza Ngazini

Usi Makame, fundi cherehani wa Darajani, alikuwa mtu wa kula, na kila aliyemjua alilijua hilo. Kwenye arusi wenzake wakigombea kukaa naye sinia moja kwa ajili ya maneno yake ya kuchekesha, kisha wakijuta wakishaona sinia linavyokwisha. Alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake. Mkewe, Shemsa, mzaliwa wa mjini, alikuwa akimpikia chungu cha watu watatu na akiona fahari kukirudisha jikoni kitupu. Watoto Mungu alikuwa hajawajaalia, kwa hivyo mapenzi yote ya nyumba ile yalipitia kwenye sahani.

Lakini tumbo la Usi lilikuwa na vidonda kwa miaka. Akinywa maziwa, akitafuna magadi, akijikunja juu ya cherehani mpaka maumivu yapite, na jioni akila kama kwamba hakukutokea kitu. Mwaka ule wa sabini na moja, mchele ulipokuwa wa kupangiwa foleni na watu wa mji wakijifunza kula walichokipata, alitapika damu juu ya suruali ya mteja. Wakamkimbiza hospitali. Madaktari wakamfungua, na walipomshona tena walikuwa wameshaondoa sehemu kubwa ya tumbo lake.

Daktari aliyempasua alikuwa Mchina, na Kiswahili chake hakikuzidi salamu. Aliyemfahamisha Shemsa mambo yalivyo ni muuguzi mmoja wa makamo, Bi Mwanakheri, aliyemkalisha kwenye benchi nje ya wodi na kumshika mkono.

"Mumeo sasa ana tumbo la mtoto mchanga ndani ya mwili wa mtu mzima," alimwambia. "Na wewe mlishe kama mtoto mchanga. Usimwonee huruma. Huruma ndiyo itakayomuua."

Akamweleza utaratibu wake. Kwanza maji, kwa kijiko. Kisha supu iliyochujwa, isiyo na mafuta. Kisha uji mwepesi, halafu uji mzito kidogo, halafu yai. Akilistahamilia yai, ndizi ya kuponda na samaki asiye mwiba. Wali ungekuja baadaye sana, tena ubwabwa, kitonge kidogo kinachotafunwa mpaka kigeuke maji mdomoni. Muhogo, nyama ngumu, pweza, mkate wa mofa, hivyo visahauliwe mpaka daktari mwenyewe aseme. Na asinywe maji huku anakula, na asilale akishakula. Shemsa aliyarudia maneno yale njiani mpaka nyumbani, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesoma uradi.

Walikuwa wakikaa chumba na ukumbi juu ya nyumba moja ya mawe huko Malindi, nyumba iliyokuwa zamani ya watu wa familia moja na sasa imegawanywa kwa wengi. Usi aliporudishwa hapo, majirani waliompandisha ngazi walitazamana. Walikuwa wamejiandaa kubeba mtu mzito. Alikaa kitandani, akatazama suruali zake zilizotundikwa ukutani, akasema itabidi azipunguze zote.

Shemsa alimlisha kama alivyoambiwa. Kijiko, kisha kungoja. Kijiko, kisha kungoja. Usi alikuwa akikiangalia kile kijiko kinavyokuja na kinavyorudi, na mara nyingine, harufu ya samaki wa kukaanga ikipanda kutoka kwa jirani, machozi yalimtoka. Shemsa akijifanya hayaoni. Akipata uchungu sana, akienda ukumbini kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Lakini mambo yalikwenda. Uji ulikubali. Uji mzito ulikubali. Wakawa wanazungumzia habari ya yai kama watu wengine wanavyozungumzia safari ya Hija.

Hapo ndipo alipofika mavyaa wake, Bi Mwanaasha, mama yake Usi, kutoka Matemwe.

Bi Mwanaasha alifiwa na mume wake wa pili angali kijana, akaachiwa watoto wa kiume wawili, Sheha na Usi. Aliwalea kwa pweza. Maji yakipwa alikuwa akishuka miambani pamoja na wanawake wenzake, akiwatafuta pweza kwenye mashimo yao kwa kijiti. Wengine akiwauza, wengine akiwapika. Kwa hivyo alipoingia chumbani na kumkuta mwanawe mifupa mitupu, mbele yake bakuli la uji usiojaza kiganja, alibaki amesimama na pakacha lake mkononi, asijue aliweke wapi.

Shemsa alimwamkia, akampokea mzigo, akamweleza yote aliyoyasema muuguzi. Bi Mwanaasha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuwa watu wa hospitali kazi yao ni kukata, na kwamba mtu aliyekatwa anahitaji kitu cha kumrudishia damu, si maji ya mchele.

Siku zilizofuata hakugombana. Angegombana ingekuwa nafuu. Alikaa pembeni mwa kitanda akitazama kila kijiko, na kila bakuli linapoondolewa akivuta pumzi ndefu. Barazani, kwa majirani, ndiko maneno yalikotoka, na maneno ya barazani hayakawii kupanda ngazi. Yalimfikia Shemsa kama yalivyosemwa: "Mimi nilimlea sina kitu, na hakulala na njaa hata siku moja. Leo ana mke wa mjini, analala na njaa."

Shemsa aliyameza. Hakumwambia Usi, wala hakubadilisha heshima yake kwa mavyaa wake. Aliendelea kumtilia chai kabla ya kujitilia mwenyewe. Lakini tangu siku hiyo kuna kitu kilimkaa kifuani, na kila akimtazama yule mama kizee amekaa pale kitandani, kile kitu kilijigeuza kikajilaza upya.

Asubuhi moja ilisikika kuwa duka la mtaa wa pili limeletewa mchele. Shemsa alivaa buibui lake haraka, akamwomba Bi Mwanaasha amwangalie mgonjwa, akamkumbusha kuwa uji umo ndani ya chungu kidogo. Bi Mwanaasha akasema nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi. Shemsa alikuta foleni imeshajipanga, akaweka kitambaa chake kushika nafasi, ndipo alipokumbuka kuwa kikapu amekisahau. Akarudi.

Alikuwa katikati ya ngazi aliposikia harufu. Pweza mkavu akibanikwa juu ya makaa ana harufu yake, na hakuna anayeikosea. Na nyuma yake ilikuwa ikija harufu ya tui. Shemsa alisimama, mkono kwenye ukuta. Huko juu alisikia mchi ukitwanga, polepole, wa mtu anayejaribu kutwanga bila ya kelele. Kisha akamsikia Usi akicheka. Alikuwa hajamsikia akicheka tangu siku ya damu.

Wakati alikuwa nao. Hilo ndilo alilokuja baadaye kulijua vyema kuliko jambo jengine lolote. Pweza alikuwa bado yumo kinuni. Ngazi zilizobaki zilikuwa chache, na neno lililohitajika lilikuwa moja. Lakini aliposimama pale hakumfikiria Usi. Alimfikiria Bi Mwanaasha. Mwache ampe, alisema moyoni. Atampa, tumbo litamchafuka, atatapika, na yeye mwenyewe ataona kwa macho yake. Hatafungua tena mdomo wake barazani.

Akashika pindo la buibui, akashuka taratibu. Mchele aliupokea kwenye kanga.

Aliporudi, jua lilikuwa limeshasimama kichwani, na majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Usi alikuwa amejikunja sakafuni, jasho linamchuruzika, tumbo limekaza kama ngoma. Alikuwa ametapika mpaka hakuna kilichobaki cha kutapika, na bado anaendelea kujikamua. Bi Mwanaasha amemshika kichwa. Shemsa alipoingia, yule mama alimtazama mara moja, kisha akainamisha uso.

Walimrudisha hospitali. Ule mnofu wa pweza, aliomeza kwa pupa ya mtu mwenye njaa ya wiki nyingi, ulikuwa umejikusanya pamoja na kuziba njia, na mshono wa ndani ulikuwa umeanza kuachia. Wakamfungua mara ya pili. Kwa siku kadhaa hakuna aliyekubali kumwambia Shemsa kama mumewe atapona.

Bi Mwanaasha hakutafuta wa kumsingizia. Alikaa chini kwenye ujia wa hospitali, miguu ameinyoosha, na kila aliyepita akamwambia, mfagiaji, muuguzi, mgeni wa mgonjwa mwengine: "Mimi ndiye niliyempa." Sheha alikuja kutoka Matemwe, na mbele za watu akamwambia mama yake maneno ambayo mtoto hamwambii mama. Yeye akaitikia kwa kichwa, neno baada ya neno, kama anayehesabiwa haki yake.

Bi Mwanakheri alimuuliza Shemsa alikuwa wapi. Shemsa akasema alikuwa foleni ya mchele. "Basi hukuwa na la kufanya," alisema muuguzi, na akampangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake. Shemsa akakubali kupanguswa.

Usi alipofumbua macho na kuweza kusema, Bi Mwanaasha alikuwa ameshaondoka. Alichukua gari la shamba bila ya kumuaga mtu. Nyuma yake maneno yalikwenda mji mzima, kuwa yule mama wa Matemwe alitaka kumuua mwanawe kwa ujinga, na kwamba Shemsa, maskini, alivumilia mengi. Wanawake walimjia na pole zao. Wengine walimletea mayai, na yai siku zile lilikuwa kitu. Wakimsifu subira yake, na yeye akiitikia "ahsanteni", na kila akiitikia akajiona kama mtu anayepokea mkono wa tanzia kwa maiti aliyemuua.

Wakaanza upya. Maji kwa kijiko. Supu iliyochujwa. Uji mwepesi. Safari hii Usi hakulia. Alikuwa mtiifu mno. Akifungua mdomo anapoambiwa, akifunga anapoambiwa, akitafuna hata uji. Siku moja, Shemsa akimfuta kidevu, alimshika mkono.

"Kama si mkono huu," alisema, "ningekuwa chini ya udongo."

Shemsa aliweka bakuli, akatoka akaenda kusimama pale pale katikati ya ngazi. Alikaa hapo mpaka jirani aliyekuwa akipanda na ndoo akamuuliza kama anaumwa.

Usi alikuwa ameshalifikia yai, na ndizi ya kuponda, Sheha alipokuja tena mjini. Hakuja kwa shari. Alikaa ukumbini, akazungumza kwa sauti ya chini ili nduguye asisikie, akamwambia Shemsa kuwa mama hali chakula. Tangu arudi, kinywani mwake haukuingia ila uji. Amesema atakula anachokula mwanawe, na mwanawe akifa kwa uji naye atakufa kwa uji. Mwanzo walidhani hasira zitampita. Sasa amekuwa hawezi kusimama, na hata wakimlazimisha kitu laini, kinarudi. Sheha alifuta macho kwa mkono wa shati. Alisema yale maneno aliyomwambia hospitali anayasikia kila akijilaza.

Usi alikuwa amesikia yote. Aliwaita, akamwambia mkewe: "Nenda wewe. Mimi gari litanitoa utumbo. Wewe ndiye unayejua namna ya kumlisha mtu."

Bi Mwanaasha alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ndani ya chumba chake, amegeukia ukuta. Shemsa alipomwamkia, "marahaba" yake haikutimia. Aliuliza jambo moja tu, Usi keshakula nini. Shemsa akamwambia, yai, na ndizi. Akamtaka aape. Shemsa akaapa.

Alipika boga. Aliliponda mpaka likawa laini kama malai ya maziwa, akatia tui jepesi, akakaa kitandani na kijiko, kwa namna ile ile aliyokuwa akikaa Malindi. Bi Mwanaasha alifunga mdomo. Hakufunga kwa jeuri, alifunga kama mlango wa nyumba isiyo na watu. Boga likapoa. Nje, Sheha alikuwa akipasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Shemsa akaona hana cha kumlisha ila hicho alichokuja nacho kifuani.

"Mama, siku ile nilirudi kuchukua kikapu," alisema. "Nilisikia harufu ngazini. Nilijua ni nini, na nilijua utampa. Nikageuka."

Bi Mwanaasha hakustuka.

"Nilikusikia," alisema.

Shemsa akakirudisha kijiko bakulini.

"Mlango ulikuwa wazi, na ngazi zile hapandi mtu asisikike," alisema yule mama, bado ameelekea ukuta. "Nikasema huyo anakuja. Akinikataza, namwaga. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nataka kumlisha na naogopa. Nikaacha kutwanga, nakusubiri. Kisha nikasikia miguu inashuka. Nikasema, basi, na yeye karidhia."

Shemsa alidhani amekuja kuweka mzigo. Kumbe mzigo wenyewe alikuwa hajaujua uzito wake. Alikuwa akijiambia siku zote kuwa alinyamaza tu. Na kunyamaza kwake kulipokewa huko juu kama neno, neno lililongojewa. Alilia pale kitandani bila ya kujificha. Alipoweza kusema, aliuliza kwa nini hakuwaambia watu, si Sheha, si wale wa hospitalini, akakubali kubebeshwa peke yake.

"Niwaambie nini? Mkono uliompa ni wangu." Bi Mwanaasha aligeuka, kwa taabu, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. "Na wewe usimwambie. Mimi keshaniogopa. Akikuogopa na wewe, atakula kwa mkono wa nani?"

Shemsa akaahidi. Ndipo yule mama alipofungua mdomo. Kijiko cha kwanza cha boga alikaa nacho mdomoni muda mrefu, akikizungusha kama kitu alichokisahau jina, kisha akakimeza, na wote wawili wakangoja kuona kama kitakaa. Kilikaa. Shemsa alibaki Matemwe mpaka mavyaa wake akafika kwenye changu wa kuchemsha, na siku aliyoondoka walishikana mikono mlangoni.

Usi alipona. Hakurudi unene wake, wala hakuna aliyetaraji. Alizipunguza suruali zake zote, akarudi Darajani. Alikula kidogo kidogo, mara nyingi, na alijifunza kuacha tonge sahanini na kuondoka. Ubwabwa wa kwanza alioula aliutafuna macho ameyafumba. Shemsa alikuwa mbele yake, na ahadi yake mdomoni.

Ahadi ile ilimkalia vibaya. Haikuwa shida kuitunza, hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa shida kusikia habari ya pweza ikisimuliwa, kwa sababu Usi, alipopata nguvu, alirejea maneno yake ya kuchekesha, na habari ya pweza ikawa ndiyo kisa chake cha barazani. Alikisimulia vizuri. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kila kilipomalizika, aliyekuwa mjinga ndani yake ni Bi Mwanaasha.

Kipupwe kilipoingia, Bi Mwanaasha alikuja mjini kumtazama mwanawe, ameletwa na Sheha. Shemsa alipika wali laini na samaki wa mchuzi mwepesi, wakakaa wote juu ya mkeka. Jirani mmoja, Msabah, naye alikaribishwa. Chakula kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka Usi alipomtazama mama yake na kutabasamu.

"Mama," alisema, "leo pakacha umelikagua? Hamna mtu wangu mle wa miguu minane?"

Msabah alicheka sana. Sheha alicheka kidogo. Bi Mwanaasha naye alicheka, akitazama chini, akiukusanya wali uliokuwa mbele yake kwa ncha za vidole.

"Usi, nilijua," alisema Shemsa.

Usi aliuliza alijua nini, bado ana kicheko usoni. Akamwambia. Alimwambia ngazi, harufu, mchi, na kicheko chake alichokisikia. Alimwambia na lile alilolisema moyoni, bila ya kulipunguza, akamwomba msamaha. Bi Mwanaasha alimkatiza, akasema yeye ndiye aliyemkataza asiseme. Msabah aliaga. Usi aliangalia sahani yake, akaisukuma mbele kidogo, akanawa mikono, akavaa viatu, akenda dukani kwake.

Hakumwacha mkewe, wala hakumpigia kelele. Ila kwa muda hakula nyumbani. Alikuwa akijichemshia mayai kwenye jiko la makaa nyuma ya duka lake, na jioni akirudi akasema nshakula. Shemsa alipika kila siku, akafunika kwa kawa, na asubuhi akawapa majirani. Hakuomba msamaha mara ya pili. Aliona kuwa neno lake la kwanza bado lilikuwa halijamezwa, na la pili lingekuwa pupa.

Kisha jioni moja Usi alirudi, akakaa juu ya mkeka, akafunua kawa mwenyewe. Ulikuwa wali na changu. Shemsa alileta maji ya kunawa, akataka kuondoka, kwani hakuwa na hakika kama anatakiwa hapo.

"Kaa," alisema Usi. "Anza wewe."

Shemsa alikaa. Alimega kitonge, akakitafuna, akakimeza, na mumewe akimtazama. Kisha Usi akamega chake. Walikula polepole, kama kila tonge lina njia yake nyembamba ya kupitia. Tangu siku hiyo hawakula sahani mbali mbali tena, na kila siku aliyetangulia kutia mkono alikuwa Shemsa. Usi hakueleza kama yale ni mapenzi au ni tahadhari, na Shemsa hakuthubutu kumuuliza.